Mwalimu wa Kijiji na Mzigo wa Neno "Wito"



Katika parokia nyingi za vijijini hapa Tanzania katekista haitwi katekista. Anaitwa mwalimu. Watoto humwamkia "Shikamoo, mwalimu", na wazee humtambulisha kwa mgeni kwa jina hilohilo, ingawa huenda hajawahi kuajiriwa na shule yoyote. Juma hili nimependa tulifuate neno hili hadi lilikotoka, kwa sababu wazazi hawachoki kuuliza: mbona watoto wa siku hizi hawana hamu ya shule, na mbona walimu wa siku hizi hawana moyo? Nadhani swali limekaa vibaya kidogo. Limekuja na hukumu yake mkononi, na historia haikubaliani na hukumu hiyo kirahisi.

Tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, na baada yao Wamisionari wa Afrika upande wa magharibi na Wabenediktini upande wa kusini, shule na kanisa vilikua pamoja. Padre alikuwa mmoja na vijiji vingi. Aliyekaa kijijini mwaka mzima alikuwa katekista, na banda lake la nyasi lilikuwa mahali pa sala na mahali pa kujifunza kusoma. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, aliyetumwa na Roma kuzitembelea nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Uingereza, aliwahimiza wamisionari waliokutana Dar es Salaam washirikiane na serikali katika elimu kwa nguvu zao zote, hata pale ambapo kufanya hivyo kungelazimu shule itangulie na kanisa lisubiri. Ni maneno mazito kutoka kinywani mwa askofu.

Hapo ndipo njia zilipoanza kuachana. Ruzuku ya serikali ilikwenda kwa shule zilizofikia viwango na kwa walimu wenye vyeti. Yule wa banda la nyasi alibaki na jina la mwalimu na malipo haba. Wala tusizipambe enzi hizo za misheni. Mwalimu wa misheni aliheshimiwa sana, lakini hata ndoa yake ilikuwa chini ya jicho la misheni, na aliyeoa mke wa pili alijua kwamba kazi imekwisha. Na wanafunzi je, walisoma kwa kupenda elimu kuliko hawa wa leo? Baadhi, ndiyo. Lakini wengi walikuwa wakitazama kitu kilicho mbele ya macho yao: aliyejua kusoma na kuhesabu angeweza kuwa karani, tabibu msaidizi au mwalimu, na kurudi nyumbani na viatu. Nafasi zilikuwa chache, na tuzo ilionekana.

Mtu mmoja aliyeyaona haya kutoka ndani alikuwa Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, akafundisha St. Mary's Tabora na baadaye St. Francis Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aongoze TANU. Jina la Mwalimu hakuliacha. Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba shule tulizorithi ziliwaandaa wote kwa ajili ya wachache watakaofaulu, na waliobaki zikawarudisha nyumbani wakijiona wameshindwa. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, yenye shamba na kazi ya mikono, badala ya kuwa ngazi tu ya kupandia sekondari. Lilikuwa wazo jema. Ila katika shule nyingi shamba hilo liligeuka kuwa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa namba. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule zilizokuwa zikiendeshwa na madhehebu kwa ruzuku yake, na Kanisa likabaki na seminari zake.

Kisha ukaja mwaka 1974. Novemba mwaka huo, chama kilipokutana Musoma, kiliamua kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, ilhali mpango wa awali ulilenga mwaka 1989. Miaka kumi na miwili ilifutwa kwa azimio moja. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa milioni 1 na ushei, walipita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi walifyatua tofali na kuinua madarasa. Pale yasipotosha, watoto walikaa chini ya miembe au wakaingia kwa zamu mbili.

Walimu wangetoka wapi? Walitoka miongoni mwa watoto wenyewe. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini, wakafundisha sehemu ya siku na sehemu nyingine wakafundishwa wao, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu wakawaita "walimu wa UPE", na jina hilo halikuwa la heshima. Hebu tumfikirie mmoja wao: kijana wa miaka kumi na saba, mbele yake watoto wengi kuliko madawati, kitabu kimoja mkononi. Jioni anafundisha kisomo cha watu wazima, ambao baadhi yao ni baba zake na mama zake wakubwa. Ukifika uchaguzi au sensa, yeye ndiye karani. Kwa sensa ya mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu 67 kwa kila 100; mwaka 1986 walihesabiwa kuwa 10 hivi. Tunawakebehi walimu wa UPE, na ndio walioifanya kazi hiyo.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uchumi ulianguka, na mshahara wa mwalimu ukapoteza thamani mwaka hadi mwaka. Ndipo tukaanza kumwona mwalimu akiuza maandazi wakati wa mapumziko, au akiishikilia mada hadi saa ya twisheni. Mwanafunzi naye alikuwa na hesabu yake. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, hata mtoto mwenye akili aliona kwamba kati ya darasa lake zima wangeenda wawili au watatu, pengine asiende hata mmoja. Aliyetoroka kwenda kuchunga au kuuza karanga stendi alikuwa amepiga hesabu hiyo na kupata jibu lake. Tulimwita mvivu.

Mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, wanafunzi wa msingi walipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Zikafuata shule za kata. Walimu hawakutosha tena, na wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache na kutumwa madarasani. Safari hii mtaa uliwaita "Voda fasta". Mwaka 2012, mwishoni mwa Julai, walimu waligoma wakidai mishahara na posho, na baada ya siku chache mahakama ikauita mgomo huo batili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huohuo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 60 hivi kwa kila 100 walikuwa wamepata sifuri. Mwezi Mei serikali iliyafuta na kuyapanga upya. Alama zilibadilika, watoto na walimu wao walikuwa walewale.

Katika kila zamu ya historia hii kuna sentensi moja isiyokosekana: "Ualimu ni wito." Sisi mapadre ndio tulioieneza zaidi ya watu wengine, na mimi mwenyewe nimeitamka altareni. Ni sentensi ya kweli. Lakini nimeanza kuangalia inatamkwa lini. Husikika mwalimu anapodai malimbikizo, au anapolalamika kwamba nyumba yake inavuja. Siku ya kugawa posho za semina huisikii. Anayeitwa na Mungu naye hula, na watoto wake wanahitaji sare. Mtume Paulo hakuona haya kuwaandikia Wakorintho kwamba mtenda kazi ana haki ya kuishi kwa kazi yake, ingawa yeye aliichagua njia nyingine kwa hiari yake. Hiari ilikuwa ya Paulo, si ya Wakorintho.

Kijana aliyekuwa na miaka 17 alipoanza kufundisha mwaka 1976 alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2019. Wengi wao walipanda kutoka Daraja C hadi A kwa kujisomea usiku, huku mchana wakifundisha. Wamo katika jumuiya zetu ndogondogo, wengine ni wenyeviti, na Jumapili husoma somo la kwanza kwa sauti inayofika hadi benchi la nyuma bila kipaza sauti.