Chifu Kariuki Alikuwa Nani? Story ya Msee Aliyefukuza Wezi na Twitter

Siku hizi kila ploti iko na grupu ya WhatsApp ya usalama. Ukiskia mlango wa jirani unavunjwa usiku, unaandika tu hapo. Lakini kabla uingie hiyo grupu, kuna chifu mmoja wa Nakuru alikuwa ashafanya hiyo maneno, na watu wake wengi walikuwa na mulika mwizi tu.

Ni Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja, karibu kilomita 160 kutoka Nairobi. Hakuwa karao. Alikuwa mwalimu kabla awe chifu.

Ile usiku ya wezi

Story yake ilibamba dunia mzima mapema 2012. Saa kumi usiku alipigiwa simu, wezi wameingia kwa mwalimu mmoja. Chifu akashika simu akatweet. Dakika chache tu, majirani walikuwa wamejaa nje ya hiyo nyumba. Wezi wakatoka mbio.

Ilikuwa inafanya aje?

Akaunti yake ilikuwa na followers 300 hivi, na eneo lake lilikuwa na watu kama 28,000. Hesabu haishikani, ama? Siri ni hii: Twitter ya enzi hizo ilikuwa inaweza kukutumia tweet kama SMS ya kawaida. Huhitaji smartphone, huhitaji bando. Mmoja akiipata anaambia wengine.

Na haikuwa mambo ya wezi pekee. Kondoo wa mtu akipotea, chifu anatweet rangi yake, na anapatikana. Baraza ikiwa kesho, anatweet. Pesa ya kuprint mabango na barua ikabaki kwa mfuko. Yeye mwenyewe aliambia wanahabari kwamba kesi za kuvunjiwa nyumba zilikuwa karibu kila siku, zikashuka hadi wiki kadhaa zinapita bila hata moja.

Baada yake

Mwaka wa 2013, baada ya shambulio la Westgate, serikali ilikuja na Nyumba Kumi, wazo lile lile la kujuana na majirani. Kariuki alifariki 2015. Twitter nayo ilizima hiyo huduma ya SMS kwa nchi nyingi 2020.

Wewe je?

Usidhani ni app ilifukuza wezi. Ni watu waliamka saa kumi, kwa baridi ya Nakuru, juu waliamini mwenye alituma ujumbe. Grupu yenu iko na watu 200, lakini ukipiga nduru leo, ni wangapi watatoka?

Na wakitoka, kazi ni kuokoa jirani, si kuchoma mtu. Pigia polisi 999 ama 112. Namba ya chifu wako pia, save leo. Usingoje siku mlango ni wako.