Tochi Haijui Kuigiza

Bila shaka umewahi kuona katika filamu za video askari wakiingia jengo lenye giza, bunduki begani, na chini ya mtutu kuna tochi inayomulika kuta. Wengi wetu macho huenda kwenye bunduki. Mimi leo nataka tuitazame tochi, tena si ile ya askari, bali ile ya kuigwa, inayofungwa kwenye bunduki ya kuigwa katika mchezo uitwao easofti. Humo watu wazima hukimbizana porini au kwenye majengo matupu na kulengana kwa gololi za plastiki zenye upana wa milimita 6. Utasema, ati mchezo wa gololi una historia gani? Unayo, na ndani yake kuna swali linalomhusu kila mtu anayeiga kazi ya mwenzake.

Tuanze na tochi yenyewe. Tarehe 10 Januari 1899 Mwingereza aliyekuwa akiishi New York, David Misell, alipata hataza ya taa ya mkononi: mrija wa karatasi ngumu, betri kavu zimepangwa foleni ndani yake, glopu mbele, na nyuma ya glopu kikombe cha shaba cha kurudisha mwanga. Kampuni ya Conrad Hubert iliyoitengeneza iligawa baadhi kwa polisi wa New York. Betri za enzi hizo zilikuwa hoi. Unawasha, inamulika kidogo, unaizima ipumzike. Ndiyo maana Wamarekani wakaipa jina lenye maana ya mwanga wa kumweka mara moja. Sisi huku tuliiita tochi, wengine kurunzi, na aliyewahi kukatiza uchochoro usiku wa masika anajua thamani yake.

Ilifikaje kwenye bunduki? Kwa sababu ndogo tu: binadamu ana mikono miwili, na bunduki ndefu inaitaka yote. Tarehe 5 Mei 1980 makomando wa Uingereza, SAS, walipovamia ubalozi wa Iran mjini London kuokoa mateka, baadhi yao walikuwa wamefunga tochi kubwa juu ya bunduki zao za MP5. Ulikuwa ufundi wa kuungaunga, lakini ulifanya kazi. Katika miaka hiyohiyo ya 80 kampuni ya Laser Products ya California, ambayo leo inaitwa SureFire, ikaanza kutengeneza taa za bunduki hasa. Halafu mwaka 1995 jeshi la Marekani likaweka kipimo kimoja cha reli ya kufungia vifaa, iitwayo Picatinny, yenye mifereji ya milimita 5.23. Kuanzia hapo taa ya kiwanda kimoja ikaweza kukaa kwenye bunduki ya kiwanda kingine bila ugomvi.

Sasa twende Japani, maana easofti ni mtoto wa huko. Sheria ya Japani ya mwaka 1958 inambana sana raia asimiliki bunduki. Waliozipenda wakageukia sanamu zake za chuma. Serikali nayo ikaziona zimefanana mno na za kweli. Mwaka 1971 ikaamuru bastola za sanamu za chuma zizibwe mtutu na kupakwa rangi nyeupe au njano, na mwaka 1977 ikakaza tena. Viwanda vikahamia kwenye plastiki na gololi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki ya mchezo inayoendeshwa na mota ya umeme, kwa umbo la FA-MAS ya Ufaransa, na mchezo ukapata moto. Mwaka 2006 Japani ikaweka kikomo cha nguvu ya gololi, chini kidogo ya jouli 1.

Mchezaji mwenye bunduki ya kuigwa akataka na vikorokoro vya kuigwa: darubini, vishikio, na tochi. Tochi halisi ya bunduki ni ghali, mara nyingi kuliko bunduki ya mchezo yenyewe. Basi viwanda vya China vikaingia kazini, vikaiga umbo, rangi, hata nembo na namba zilizochorwa ubavuni. Hapa ndipo penye utamu wa habari. Bunduki ya easofti haitakiwi kuua, hivyo inaruhusiwa kuwa ya bandia. Darubini ya bandia unaweza kuivumilia. Lakini tochi? Giza ni lilelile, la mchezo na la vita. Tochi ama inamulika ama haimuliki. Haijui kuigiza.

Basi tuipime kwa haki. Usianze na nembo. Usiamini pia namba ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi, maana karatasi huvumilia kila kitu. Mwaka 2009 Marekani ilitolewa kanuni ya kupima tochi, FL 1. Inasema mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, si ule mng'ao wa kwanza wa kumzuga mnunuzi. Muda wa betri huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10. Umbali huishia pale mwanga unapobaki robo ya luksi, yaani kama mbalamwezi.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote. Kandela ni ukali wake katikati ya mwali. Kwa hesabu ya kanuni hiyo, tochi ya kandela 10,000 inafika mita 200. Ukitaka mita 400 unahitaji kandela 40,000, si 20,000. Muuzaji akikuambia ameongeza mwanga maradufu na umbali umeongezeka maradufu, mwambie akalale.

Kisha fungua kichwa. Tochi za leo hazina glopu ya waya, zina dayodi ya mwanga, mtoto wa kazi ya Shuji Nakamura na wenzake wa kampuni ya Nichia, waliotoa dayodi kali ya buluu mwaka 1993 na nyeupe mwaka 1996. Nakamura aligawana Tuzo ya Nobel na Wajapani wenzake Akasaki na Amano mwaka 2014. Dayodi hiyo ina adui mmoja, joto. Katika tochi nyingi za kuigwa utakuta imekaa juu ya kisahani chembamba, chini yake uwazi. Joto halina pa kwenda, na baada ya dakika chache mwanga unasinyaa. Dawa yake ni kipande cha shaba kinachogusa mwili wa tochi, na grisi ya kupitishia joto katikati. Springi ya betri nayo mara nyingi ni ya chuma chembamba kinachobania umeme. Lehemu waya mfupi wa shaba kutoka juu hadi chini yake. Pete za mpira zipake grisi ya silikoni. Skrubu za kishikio zitie gundi ya nyuzi, maana mtikisiko hulegeza. Mbele ya lenzi weka kinga ya plastiki ngumu ya polikaboneti, kwa sababu gololi ikipiga kioo, kwisha habari.

Na betri, bwana, hapo hakuna mchezo. Tochi nyingi zilizoigwa zimechorwa kwa ajili ya betri mbili za CR123A, volti 3 kila moja, jumla 6. Ukitia mbili za kuchaji za umbo hilo, kila moja ikijaa hufika volti 4.2, jumla 8.4. Saketi isiyotengenezwa kwa volti hizo itaungua, na betri ya lithiamu ikichemka inaweza kulipuka.

Ukimaliza yote hayo una tochi nzuri yenye sura ya kuazima. Ndiyo maana nasema kuna kuiga kwa kujifunza na kuiga kwa kuzuga. Aliyechora nembo ya wenzake ubavuni ameiga ngozi. Aliyeuliza kwa nini ile ya asili haizimiki, akaweka shaba mahali pa uwazi, ameiga akili. Sisi tunaojifunza kuandika tuna la kujiuliza hapo.

Lakini kuna kufanana kunakoua. Marekani iliamuru mwaka 1988 bunduki za bandia ziwe na ncha ya rangi ya chungwa. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa bustanini na bastola ya easofti isiyo na ncha hiyo. Polisi walifika, na ndani ya sekunde kama mbili akapigwa risasi. Alifariki kesho yake. Ilikuwa mchana, hapakuwa na haja ya tochi yoyote. Kilichokosekana ni ule muda wa kutazama.

Na kazi ya tochi ni hiyo, kumpa mtu nafasi ya kutambua kabla ya kutenda. Ikifungwa kwenye mtutu inabeba kasoro ya kuzaliwa: huwezi kummulika mtu bila kumwelekezea bunduki. Kwa hiyo kijana anayeboresha, naomba aboreshe ndani. Ncha ya chungwa aiache. Nje ya uwanja, bunduki ikae ndani ya begi, na tochi aifungue kutoka kwenye reli. Itamfaa umeme ukikatika.