Vibarua wa Bandarini na Wale Waliobaki Kazini



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba mtuvumilie kidogo, kwani tunataka kuzungumza juu ya historia ya jiji letu hili la Dar es Salaam, historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Hapa Kunduchi tunaishi pamoja na watu wengi wa kipato kidogo: walinzi wa getini, watumishi wa majumbani, wahudumu wa mahoteli ya ufukweni, wapasua kokoto, vibarua wa ujenzi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni kusafiri, mahoteli mengi nchini yalipunguza watu wake. Kila inapotokea hivyo, husikika neno moja kutoka kwa waliobaki kazini, nalo husemwa kwa sauti ya chini: "Tumshukuru Mungu, si sisi." Neno hilo ni la kibinadamu kabisa. Hata hivyo lina historia, na historia hiyo ilianzia bandarini.

Yatupasa kwanza kufahamu jinsi bandari ilivyofanya kazi siku zile. Hadi gati za kina kirefu zilipofunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikashushwa katika matishali na kuvutwa hadi ufukweni. Kazi hiyo ya mabega na migongo ilifanywa na watu wa namna mbili. Walikuwapo wachache wa kudumu, waliolipwa kwa mwezi. Na walikuwapo vibarua, waliokusanyika asubuhi kwenye lango wakingoja kuchaguliwa. Meli ikiwapo, kibarua alipata ujira wa siku ile. Isipokuwapo, alirudi nyumbani mikono mitupu. Akiumia kazini, kesho yake mwingine alisimama mahali pake. Wasomaji wa Injili watawakumbuka mara moja wale watu wa Mathayo sura ya 20, waliosimama sokoni kutwa nzima kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. Tofauti ni kwamba katika mfano ule mwenye shamba alitoka tena na tena kuwatafuta.

Mwezi Julai 1939 vibarua hao wa Dar es Salaam waligoma. Walidai ujira bora na kutazamwa wanapougua au kuumia. Wenzao wa kudumu hawakuungana nao, bali waliendelea na kazi. Nje ya lango walikuwapo watu wengine wengi wasio na kazi, waliokuwa tayari kuchukua nafasi yoyote, na makampuni yakawachukua. Mgomo ukafa baada ya siku chache.

Tusiwalaumu upesi wale wa kudumu. Mtu mwenye mshahara wa mwezi katika mji wa kikoloni alikuwa na kitu cha kupoteza, na nyuma yake palikuwa na mke, watoto, pengine na wazazi huko shamba. Lakini tuone pia walichokipoteza kwa kukaa kimya. Mwajiri aliyekwisha kuona kwamba anaweza kuwaondoa vibarua bila wa kudumu kufumbua mdomo, alijua vilevile kwamba siku ya wa kudumu ikifika, vibarua nao hawatakuwa na sababu ya kuwatetea.

Hapo turudi nyuma miaka 50 kamili, na twende mbali, kwenye bandari ya London. Mwezi Agosti 1889 vibarua wa huko, nao wakichaguliwa langoni kama wa kwetu, waligoma wakidai peni sita kwa saa. Wakati huu wafanyakazi wenye ujuzi, ambao kwa kawaida hawakuwatazama vibarua kama watu wa daraja lao, waliacha kazi pamoja nao. Njaa ilipoanza kuwashinda, fedha zilifika kutoka Australia, zaidi ya pauni 30,000, zilizochangwa kwa sehemu kubwa na vyama vya wafanyakazi vya huko na watu waliowaunga mkono. Na mzee mmoja wa miaka 81, Kardinali Henry Edward Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, alikwenda mwenyewe kuzungumza na waajiri, kisha na wagomaji, hata mapatano yakapatikana mwezi Septemba, na peni sita zikatolewa. Miaka miwili baadaye, Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, uliotetea haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama. Twataja jambo hili kwa sababu wapo Wakatoliki wanaodhani kwamba chama cha wafanyakazi ni jambo la wanasiasa tu, na kwamba muumini mwema hukaa nalo mbali.

Sasa turejee pwani yetu. Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei za vyakula na nguo, na mishahara haikupanda kwa kadiri hiyo. Januari 1947 Mombasa ilisimama: watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani waligoma pamoja kwa siku zipatazo 12, wakikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Habari za pwani hazihitaji gazeti. Septemba mwaka uleule, tarehe 6, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam nao waliweka mizigo chini.

Safari hii waligoma wote, vibarua na wa kudumu. Siku chache baadaye wa reli wakaacha kazi, kisha wafanyakazi wengine wa mjini, hata watumishi wa majumbani, ambao ndio wanyonge kuliko wote kwa kuwa kila mmoja yu peke yake katika nyumba ya bwana wake. Mgomo ukafuata njia ya reli hadi Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza. Watu wa bara, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari, waliacha kazi pamoja na wapakuzi wa meli. Bila shaka nao walikuwa na shida zao za mshahara, hatudai kwamba walikuwa malaika. Serikali iliunda baraza la usuluhishi, na watu wa bandari wakapata nyongeza kubwa. Wakaunda pia chama chao, na miongoni mwa makatibu wake wa mwanzo alikuwa Abdulwahid Sykes, kijana aliyerudi kutoka vita vya Burma, mtoto wa karani aliyejulikana sana mjini. Yeye hakuwa mpagazi. Aliwapa wapagazi kalamu yake, na hiyo nayo ni namna ya mshikamano ambayo wasomi wa parokia zetu wangeweza kuitafakari.

Unguja ilifuata Agosti 1948. Wale walioisoma riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, wanaijua habari hiyo.

Lakini mshikamano haudumu wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1950 chama cha bandari cha Dar es Salaam kiligoma tena, juu ya utaratibu mpya wa kuwaandikisha na kuwachagua vibarua. Mara hii palitokea ghasia, watu walifungwa, na mahakama ikakivunja chama. Twaona wazi kwamba kumpiga mwenzako ili agome hakumfanyi kuwa ndugu yako. Kwa miaka kadhaa wapakuzi hawakuwa na chombo cha kuwasemea.

Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Mwaka huohuo Papa Pius XII alikuwa ameifanya tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ingawa hatuna haja ya kuyaunganisha mambo hayo kwa nguvu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipogombana na mwajiri wao, TFL iliwaomba wananchi waache kunywa bia ya chupa, na TANU ikauunga mkono mwito huo. Hapo hata mtu asiye na chama chochote aliweza kusimama upande wa mfanyakazi kwa kutoagiza chupa moja. Kwa baadhi yetu hiyo ingekuwa sadaka rahisi, kwa wengine ngumu kuliko mfungo wa Kwaresima!

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalifuatwa na kukamatwa kwa viongozi kadhaa wa vyama, na vyama vyote vikafutwa ili kibaki kimoja, NUTA, chini ya serikali. Mwaka uleule ilitungwa sheria ya usalama wa kazi, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi moja. Hiyo ilikuwa faida ya kweli. Lakini mfanyakazi alizoea kulindwa kutoka juu, akasahau kumlinda jirani yake, na hasara hiyo twaiona mpaka leo kila mwenzetu mmoja anapotolewa getini na wengine wakaendelea kufagia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuja na mambo ambayo vibarua wa 1939 wangeyasoma kwa mshangao. Ilikataza kuajiri watu wa kujaza nafasi za walio katika mgomo halali, jambo lilelile lililowaangusha wao. Ilitambua pia mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wa mwajiri mwingine, kwa masharti na kwa kutoa taarifa ya siku 14. Ilimtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Walakini kifungu cha 35 kiliacha nje ya kinga hiyo yeyote ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja, na hapo ndipo kibarua anaposimama, kwa kuwa wapo waajiri wanaojua kuhesabu miezi.

Aliyeachishwa kazi isivyo haki alipewa siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzipoteza siku hizo nyumbani, kwa aibu au kwa kukosa nauli na mtu wa kuwaandikia. Mwanachama anaweza kuwakilishwa huko na chama chake, na wafanyakazi wa mahotelini na wa majumbani wana CHODAWU. Wale waliobaki kazini ndio wanaojua tarehe, majina ya mashahidi, na maneno yaliyosemwa siku mwenzao alipotolewa.