Malazi ya Wasafiri Katika Mji wa Bagamoyo

Mengi yameandikwa juu ya Bagamoyo: biashara ya pembe na ya watumwa, Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, vita vya Bushiri, na makao makuu ya Wajerumani yaliyohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Ni machache yaliyoandikwa juu ya jambo moja dogo, ambalo kila msafiri aliyeshuka kutoka bara alilazimika kulikata kabla jua halijachwa: alale wapi, na malazi hayo yamgharimu nini. Mtu wa siku hizi anayekusudia kuzuru mji wa Ulaya kwa siku tatu nne, kama vile Paris au Lisbon, hukuta bei ya kila hoteli imeandikwa; huilinganisha na mfuko wake, kisha huchagua. Mpagazi wa Kinyamwezi wa mwaka 1870 naye alichagua, tena kwa makini. Ila bei ya malazi yake haikuandikwa popote, na aghalabu haikutajwa mpaka siku ya kuuza pembe.

Mji wenyewe si wa kale kama majirani zake. Kaole, ulio mwendo mfupi kusini, una msikiti na makaburi ya mawe ya karne nyingi zilizopita, na hata mwaka 1857 Burton na Speke walianzia hapo safari yao ya kwenda kwenye maziwa makuu. Lakini katika karne ya 19 Bagamoyo ulitangulia mbele, kwani ulikabili Unguja, na majahazi yalivuka kwa wepesi. Kutoka Tabora mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 800, na msafara uliotembea vizuri ulitumia miezi mitatu hivi. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wengi waliondoka kwao baada ya mavuno, wakatumaini kurejea kabla ya mvua ili wawahi kulima. Kwa hiyo walifika Bagamoyo kwa wingi katika msimu mmoja, maelfu kwa maelfu, katika mji ambao nyumba zake za mawe zilihesabika.

Uchaguzi wa malazi ulianza mbali na mji. Bagamoyo haukuwa bandari ya peke yake katika mwambao huo: kaskazini kulikuwa na Winde na Saadani, na mbele zaidi Pangani. Msafara wa Wanyamwezi wenye pembe zao wenyewe uliweza kushika njia hii au ile, na watu wa pwani walilijua hilo sana. Basi walipeleka vijana wao bara kuilaki misafara njiani, wengine siku nyingi kutoka pwani, wakiwa na zawadi za nguo na maneno matamu, ili kuivuta kwenye mji wao na kwa bwana wao. Anayedhani kwamba kugombea wageni kituoni ni desturi iliyoletwa na mabasi na hakimiliki ya watu wa leo, hajasoma habari za karne ya 19. Vijana hao walisifia maji ya mji wao, usalama wake, wingi wa chakula, na ukarimu wa mwenyeji. Bei hawakuitaja, kwa sababu walisema hakuna bei: mgeni hulala bure.

Hapo ndipo lilipokuwa fundo la mambo. Mwenyeji alimpokea mnyapara wa msafara na watu wake, akawapa ua wa kulala, kuni, maji na chakula cha siku za mwanzo. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wa Bagamoyo hakumpa mgeni wake jembe. Alimshika mkono akampeleka kwa tajiri. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani, ndiye dalali, ndiye aliyesimama kati ya Mnyamwezi na mfanyabiashara wa Kihindi pembe zilipopimwa. Katika mauzo hayo alikuwa na fungu lake, na tajiri naye alimtunza kwa kumletea pembe. Majumbe wa mji walikuwa na ada zao, na Sultani wa Unguja ushuru wake. Yote hayo yalitoka katika pembe ile ile. Hivyo mgeni aliyelala bure alilipa malazi yake ndani ya bei ya frasila, asiweze kuona ni kiasi gani kilichokuwa cha kitanda na kiasi gani cha mzani.

Waandishi wa Kizungu waliopita huko waliona jambo hili, wakacheka: mshenzi wa bara, walisema, anapunjwa na mjanja wa pwani. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mnyamwezi aliyeshuka mwaka huu alikuwa ameshuka mwaka jana, na baba yake kabla yake. Aliyepunjwa kupita kiasi Bagamoyo aliweza kushika njia ya Saadani msimu uliofuata, na wenzake wote wakapata habari. Tena mwenyeji aliuza kitu cha kweli. Mgeni asiye na mtu mjini aliweza kuibiwa, kudaiwa deni asilolikopa, hata kukamatwa na kuuzwa, kwani mji ule ule ulisafirisha watumwa. Aliyekuwa na mwenyeji mwenye jina alikuwa na mtu wa kumwitia anapodhulumiwa. Ukipima hivyo, fungu la mwenyeji lilikuwa pia bei ya ulinzi, na mtu mwenye akili huweza kuona kuwa ulinzi huo ulistahili kulipiwa. Swali lilikuwa ni yupi kati ya wenyeji aliyetoza kwa haki. Na jambo hilo lilijulikana kwa kuulizana, kambi kwa kambi, njia nzima kutoka Unyanyembe.

Kulikuwa na njia ya pili, ya rahisi zaidi machoni. Pembezoni mwa mji wapagazi walijijengea vibanda vya nyasi, watu wa nchi moja pamoja, wakapika wenyewe. Posho ya mpagazi ilihesabiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na aliyelala kibandani hakuwa na gharama nyingine ila hiyo na kuni. Hakuwa na deni la adabu kwa mtu, na kwa hiyo alikuwa huru kumtafuta mnunuzi amtakaye. Lakini kambi hizo zilisongamana, maji yake hayakuwa safi, na maradhi yalipoingia yalianza humo. Kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua watu wengi Unguja na mwambao wote, hakikumchagua maskini kwa jina lake. Kilimkuta tu mahali alipolala. Unafuu wa kibanda cha nyasi ulikuwa na hesabu yake hiyo, nayo haikuandikwa katika daftari la tajiri yeyote.

Hali ya mpagazi wa mshahara ilikuwa nyingine tena. Huyu hakuwa na pembe za kuuza; alikuja na mzigo wa mtu, akaufikisha, kisha akangoja kuajiriwa kurudi bara na nguo, shanga na baruti. Kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya kula bila kupata. Aliyengoja wiki mbili alikula akiba yake. Aliyengoja miezi miwili alikopa, na aliyemkopesha ndiye aliyemwandika kwa safari ya pili, mshahara wake ukiwa umekwisha kuliwa kabla hajajitwisha. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kiismailia aliyekuja kuwa mkuu wa biashara ya kuwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa, aliijua hesabu hii kuliko watu wote. Ni haki kuongeza kwamba kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa mali nyingi kwa hospitali ya Dar es Salaam, na nyumba ya ghorofa Bagamoyo kwa ajili ya shule.

Wazungu nao walikuwa na tatizo hilo hilo la malazi, japokuwa mifuko yao ilikuwa mizito. Stanley alifika mwezi Februari 1871 akimtafuta Livingstone. Alipanga nyumba upande wa magharibi wa mji, pale njia ya Unyanyembe ilipoanzia, akapiga mahema yake mbele yake. Chaguo hilo lilikuwa la busara: alikuwa karibu na njia na mbali na vishawishi vya mjini. Hata hivyo alikaa hapo mpaka tarehe 21 Machi, akipeleka watu wake bara kwa mafungu matano, kwani wapagazi hawakupatikana kwa mara moja. Katika kitabu chake amemlalamikia sana kijana Sewa Haji. Lakini Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti, na mlalamishi wake mtu asimsome bila kukumbuka kwamba upande wa pili haukuandika kitabu.

Mapadri walikuwa wamefika mwaka 1868, chini ya Padri Horner, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Meza yao ikawa mashuhuri miongoni mwa wasafiri. Stanley mwenyewe anasimulia alivyokaribishwa chakula na mvinyo wa shampeni, jambo ambalo hakulitazamia katika pwani hiyo. Ukarimu huo haukutozwa fedha. Lakini wageni waliurudishia Ulaya kwa kuusifu, na sifa iliwaletea mapadri misaada. Kwa hiyo hata hapo kitanda hakikukosa kulipiwa kabisa, ila mlipaji alikuwa mwingine. Mwezi Februari 1874 misheni hiyo ilimpokea mgeni asiyehitaji meza: mwili wa Livingstone, uliobebwa kutoka katika nchi ambayo leo ni Zambia na Chuma, Susi na wenzao.

Na kama kuna mtu aliyelipa malazi ya Bagamoyo kwa namna ya ajabu, ni Emin Pasha. Aliokolewa na Stanley kutoka Ikweta, akavuka bara zima akiwa hai, na tarehe 4 Desemba 1889 Wajerumani wakamfanyia karamu ghorofani. Macho yake yalikuwa mabovu. Usiku ule alianguka kutoka dirishani mpaka chini, akalazwa hospitalini kwa muda mrefu, katika mji aliokusudia kuupitia tu.

Mwaka uliotangulia karamu hiyo mji ulikuwa vitani. Watu wa pwani walipoinuka mwaka 1888 kuwapinga Wajerumani, sehemu kubwa ya Bagamoyo iliungua, na maelfu ya raia wakakimbilia katika kiwanja cha misheni, ambacho pande zote mbili zilikiacha. Mwenyeji wa jana akawa mgeni, akalala juu ya mkeka chini ya miembe ya mapadri, pengine jirani na Mnyamwezi aliyewahi kumlaza uani kwake.

Jambo hili la mwenyeji kugeuka mgeni lina mfano mwingine, na huo unafika Ulaya. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Bagamoyo, naye ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kabla yake Waswahili wengine walikwisha kuiona miji ya Ulaya. Selim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, akaandika habari zake. Lakini Selim alikuwa katika utumishi wa Mzungu, na mtumishi hachagui hoteli: hulala pale bwana alipofikia. Mtoro alikuwa mwalimu mwenye mshahara, akaishi mjini kama mpangaji, akamwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka 1905 walifunga safari kurudi Dar es Salaam. Serikali ya koloni haikukubali Mwafrika aishi nchini na mke mweupe, nao wakalazimika kurejea Ujerumani. Mtu wa mji uliojipatia riziki kwa kulaza wageni, akafika mlangoni pa nchi yake mwenyewe na fedha mkononi, akakosa mahali pa kulala na mkewe. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Katika miaka hiyo hiyo kitanda cha Bagamoyo kilikuwa kikipoteza thamani kwa sababu isiyohusu mwenyeji wala mgeni. Wajerumani walijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, si kutoka Bagamoyo, kwani bandari ya Dar es Salaam ina kina na imejificha, na maji ya Bagamoyo ni mafupi, meli kubwa husimama mbali. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mwendo wa miezi mitatu ukawa wa siku chache, na mtu wa Tabora akashukia Dar es Salaam akiwa na tikiti iliyoandikwa bei yake. Vijana wa Bagamoyo hawakuwa tena na msafara wa kuulaki ng'ambo ya Mto Kingani. Vibanda vya nyasi vya pembezoni havikujengwa upya baada ya mvua, na wenyeji wakabaki na nyua pana, pamoja na madeni ambayo wadaiwa wake hawakushuka tena.