Msamiati wa Tanga na Mlingoti: Kutoka Pwani hadi Upare

Mji wa Same uko zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini, na Wapare, wasemaji wa Chasu, hawakuwa mabaharia. Hata hivyo, mwanafunzi wa Same hupandisha bendera kwenye mlingoti, humtii nahodha wa timu yake, na humwona dereva wa lori akishika usukani. Maneno yote matatu ni ya chomboni. Nahodha asili yake ni Kiajemi, usukani ni Kiarabu.

Njia yaliyopitia inafahamika. Katika karne ya 19 misafara ya Pangani ilipita chini ya milima ya Upare kuelekea Kilimanjaro. Kituo kimojawapo kilikuwa Kisiwani, jina ambalo kwa sikio la mtu wa pwani ni la ajabu katika nyika kavu kama ile. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kuanzia mwaka 1930 Kiswahili kikasanifishwa kwa msingi wa Kiunguja, lahaja ya kisiwani, na shule ikaendeleza kazi iliyoanzwa na msafara.

Lakini si maneno yote yaliyopanda. Jahazi lina foromali, yaani boriti ndefu inayoshikilia tanga juu. Lina jarari, kamba ya kuipandishia. Lina goshi, pembe ya tanga ya mbele chini. Tena lina demani, kamba ya pembe ya nyuma, ambayo baharia huikaza au kuilegeza kwa kadiri ya upepo. Demani vilevile ni upande uendako upepo, na ni majira ya mwisho wa kusi. Haya yalibaki pwani. Nahodha alipata timu, usukani ukapata lori. Demani haikupata mwili mwingine, kwa kuwa inataja uhusiano wa tanga na upepo.

Vitenzi vina habari tofauti. Baharia hutweka tanga, kisha hulitua. Mpagazi wa msafara alitwikwa mzigo, kisha akautua. Hapa hapana neno lililosafiri kutoka chomboni: mashina haya ni ya Kibantu, na bara lilikuwa nayo bila kuazima.

Basi ugumu uko kwenye nomino za kamba. Kamusi ikieleza tu kwamba demani ni kamba ya tanga, msomaji wa Same hajui ni ipi kati ya kamba zote za chomboni. Na kadiri mashine zinavyochukua nafasi ya tanga, ndivyo wanavyopungua wa kumwonyesha.