Mvujo Kifukoni

Mgonjwa akiambiwa "una mvujo wa ndani", ataelewa kwamba damu inamwagika tumboni. Ndiyo maana siafiki tafsiri hiyo ya endoliki, istilahi iliyopendekezwa mwaka 1996 na Geoffrey White na wenzake wa Sydney.

Aota, ateri kuu itokayo moyoni, inapofika tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika na kutanuka hadi sentimita 3 au zaidi, hiyo ni aneurisimu, na ikipasuka huua. Tangu Juan Parodi alipoonyesha njia mpya huko Buenos Aires mwaka 1990, wagonjwa wengi hawapasuliwi tumbo tena. Stenti, yaani kijibomba cha wavu, iliyovikwa kitambaa hupitishwa kwenye ateri ya kinena mpaka ndani ya aota; damu hupita humo, na kifuko kilichotanuka huondolewa shinikizo. Damu ikipata upenyo wa kurudi kifukoni, hiyo ndiyo endoliki. Haijatoka nje ya mshipa. Napendekeza tuseme mvujo kifukoni, maana mahali ndipo penye tofauti.

Na vihatarishi vingi vya mvujo huu ni vya umbo la mshipa. Chini ya ateri za figo kuna kipande cha aota kisichotanuka, madaktari hukiita shingo, na stenti hushika hapo. Shingo ikiwa fupi, tuseme chini ya milimita 10, au pana mno, au imepinda zaidi ya nyuzi 60, au ina damu iliyoganda ukutani, stenti haishiki sawasawa. Damu hupenya kwa nguvu zote za pigo la moyo. Huo ni mvujo wa aina ya kwanza, na haufai kungojewa. Aina ya pili, inayoonekana zaidi, huletwa na vijiateri vya kiunoni na vya utumbo vinavyorudisha damu kinyumenyume. Mivujo mingi ya aina hii hukoma yenyewe. Ya tatu hutokea vipande vya stenti vikiachana au kitambaa kikitoboka.

Uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1999 ulionyesha kwamba njia hii ya stenti huokoa wengi zaidi mwanzoni kuliko upasuaji wa tumbo, lakini baada ya miaka mingi faida hiyo hupotea, hasa kwa vifuko kupasuka baadaye. Kwa hiyo kila anayerudi kliniki kupimwa aulize waziwazi: kifuko kimesinyaa, kimebaki vilevile, au kimetanuka?