Mwaka wa Majivu

Katika mwaka wa 18 wa Hijria, nao ni mwaka 639 Miladia, mvua ilikatika katika nchi ya Hijazi. Upepo ukapeperusha vumbi mfano wa majivu, na kwa hivyo Waarabu wakauita mwaka ule Amu r-Ramada, yaani Mwaka wa Majivu. Mabedui, ambao pato lao lilikuwa ni mifugo, wakafiliwa na wanyama wao. Aliyekuwa na uwezo jana akawa fakiri leo. Wakahama na watoto wao, wakapiga kambi kandokando ya Madina.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), aliyekuwa Khalifa, alianza kwa nafsi yake: aliacha samli na nyama, akala mafuta ya zeituni, hata rangi ya uso wake ikageuka. Kisha akawaandikia maliwali wake, na Abu Ubaida bin al-Jarrah akamletea kutoka Sham ngamia 4,000 waliobeba chakula.

Wala chakula hicho hakikugawiwa bila hesabu. Ibn Saad amepokea kwamba waliohudhuria kula usiku mmoja walihesabiwa wakawa 7,000. Umar akaamrisha wahesabiwe pia wasioweza kuja, nao ni wagonjwa na watoto na jamaa waliobaki kambini; wakapatikana 40,000, wakapelekewa chakula huko huko waliko.

Ama Zaka ya wanyama, hakuidai mwaka ule. Mvua iliponyesha na watu wakapata nguvu, mwaka uliofuata aliwatuma watozaji wachukue ya miaka miwili: fungu moja wawagawie maskini wa pale pale, na la pili walipeleke Madina. Hivyo haki ya maskini haikupotea, wala mwenye dhiki hakubanwa. Na mabedui waliporejea kwao walipewa chakula na vipando vya kuwafikisha.

Basi na izingatiwe hesabu ile. Kwa kila mmoja aliyefika kwenye chungu, zaidi ya watano walikuwa hawakufika. Inaposhuka bei ya kahawa, au mwenye kazi akapunguziwa ujira, wanaobisha hodi kuomba ni wachache. Walio wengi hufunga mlango, wakastahi. Jumuiya inayongoja kuombwa itawalisha 7,000 na kuwaacha 40,000. Wajibu wake ni kuwaendea wale waliobaki majumbani, kwa siri na kwa heshima, kabla hawajauza jembe na cherehani.